Bei ya Mabao Yajayo: Namna Klabu ya Soka Inavyopima Thamani ya Mchezaji Nyota

Katika msimu wa 2024/25 mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulikuwa mwenyeji wa timu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Timu hiyo ni Fountain Gate, iliyokuja kucheza michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Jina la uwanja huo limekusanya fahari mbili za mkoa: tanzanite, jiwe la thamani lichimbwalo Mirerani wilayani Simanjiro, na Kwaraa, mlima unaouangalia mji wa Babati. Katika nusu ya kwanza ya msimu huo, miongoni mwa waliokuwa wakiifungia timu hiyo mabao alikuwamo mshambuliaji kijana, Selemani Mwalimu. Januari 2025, kabla ligi haijafika mwisho, alihamia Wydad Casablanca ya Morocco. Timu aliyoiacha ilimaliza msimu katika eneo la mchujo, ikalazimika kucheza michezo ya ziada ili isishuke daraja.

Habari hiyo inazusha swali ambalo mashabiki hulijadili vijiweni kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Klabu yenye fedha chache huamuaje ni mchezaji yupi apewe mkataba mnono, yupi apewe wa kawaida, na yupi aachwe aende zake? Jibu la haraka ni kwamba mwenye mabao mengi ndiye anayestahili fedha nyingi. Jibu hilo lina kasoro moja kubwa. Mabao yaliyokwisha kufungwa yamekwisha kulipiwa kwa mkataba uliopita, na pointi zake zimekwisha kuandikwa. Mkataba mpya hununua mabao ambayo bado hayajafungwa. Kwa hiyo yale ya zamani si bidhaa inayouzwa, bali ni ushahidi tu wa bidhaa, na ushahidi hauna budi kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Wakulima wa Babati wanaijua tofauti hiyo. Mbaazi hupandwa pamoja na mahindi katika shamba moja, nazo huvunwa miezi mingi baadaye, mahindi yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Apandaye hutazama bei ya msimu uliopita, lakini auzapo hulipwa bei ya msimu unaokuja. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ikaporomoka. Waliopanda kwa kutegemea bei ya jana walivuna hasara. Klabu inayotia saini mkataba wa miaka mitatu kwa kutazama msimu mmoja uliopita imo katika hatari ya namna hiyo hiyo.

Ukubwa wa mfuko

Kabla ya kupima mchezaji yafaa kuupima mfuko. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini na kampuni ya Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Huo ni wastani wa shilingi bilioni 22.56 kwa mwaka. Ligi ina timu 16. Hata kama fedha zote hizo zingegawiwa klabu kwa usawa (nazo hazigawiwi hivyo), kila moja ingepata bilioni 1.41 kwa mwaka, yaani shilingi milioni 117.5 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa watu 30, wachezaji pamoja na makocha wao, kila mmoja angepata pungufu ya milioni 4 kwa mwezi, kabla ya kununua lita moja ya dizeli. Na dizeli si kidogo: katika msimu wa 2024/25 timu ya Babati ilikuwa na wapinzani Bukoba, Kigoma, Mbeya na Ruangwa. Klabu zina wafadhili na mapato ya milangoni pia, lakini hesabu hiyo inaonyesha jinsi mshahara mmoja mkubwa unavyoweza kula posho za wengi.

Bahati katika orodha ya wafungaji

Ushahidi ambao kila mtu huutazama ni orodha ya wafungaji bora. Msimu wa 2021/22 aliongoza George Mpole wa Geita Gold kwa mabao 17. Uliofuata waliongoza wawili kwa mabao 17 kila mmoja, Fiston Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza, aliyeuanza msimu akiwa Geita Gold na kuumalizia Simba. Msimu wa 2023/24 aliongoza Stephane Aziz Ki wa Yanga kwa mabao 21, akifuatwa na Feisal Salum wa Azam mwenye 19. Msimu wa 2024/25 aliongoza Jean Charles Ahoua wa Simba kwa mabao 16. Katika misimu hiyo minne hakuna aliyeongoza mara mbili. Baadhi walihama nchi, na hilo linaeleza sehemu ya jambo. Lakini Aziz Ki na Feisal walikuwapo msimu wa 2024/25, na hata mmoja wao hakufikisha nusu ya mabao ya msimu wake wa kabla. Je, miguu yao ilisahau kazi?

Mwalimu wa hisabati anaweza kulichunguza swali hilo darasani kwa dadu. Wanafunzi 40 wapewe dadu, na kila mmoja aitupe mara 30, kama michezo 30 ya ligi. Ikiangukia 5 au 6 ihesabiwe kuwa ni bao. Kwa wastani kila mwanafunzi atapata mabao 10, kwa kuwa nafasi ni moja katika tatu. Hata hivyo ubaoni hazitaandikwa kumi tupu. Wengi watakuwa kati ya 7 na 13, na haitakuwa ajabu akipatikana mmoja mwenye 15 au zaidi. Huyo atangazwe mfungaji bora, apigiwe makofi, kisha darasa zima lirudie zoezi. Karibu kila mara mfungaji bora wa kwanza atashuka, na mwingine atashika nafasi yake. Hakuna aliyelegea na hakuna aliyelewa sifa. Dadu zote ni sawa.

Sheria inayotawala matukio machache ya namna hiyo ilielezwa na Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837. Mwaka 1898 Ladislaus Bortkiewicz aliitumia kwa idadi ya askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi, na ikalingana vema. Mabao ya soka huifuata kwa kiasi kikubwa. Kanuni yake iliyo rahisi kukumbuka ni hii: kama wastani wa kweli wa mchezaji ni mabao 12 kwa msimu, basi hesabu yake itapanda na kushuka kwa kiasi kilicho karibu na kipeuo cha pili cha 12, yaani mabao 3.5 hivi. Msimu wa mabao 9 na msimu wa mabao 15 unaweza kuwa kazi ya mchezaji yule yule, mwenye uwezo ule ule.

Jambo hilo lina matokeo ambayo kiongozi wa klabu anapaswa kuyajua kabla ya kufungua mkoba. Uwezekano wa mchezaji wa mabao 12 kufunga 17 au zaidi katika msimu mmoja ni karibu 1 katika 10. Ikiwa ligi ina washambuliaji kumi wa kiwango hicho, wote sawa kama dadu za darasani, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafikia 17 ni karibu theluthi mbili. Yaani katika misimu mitatu, miwili itampata nyota ambaye ubora wake uliozidi wenzake ni bahati tupu. Naye atafika mezani akidai malipo ya mabao 17, ilhali atakayoyatoa mwaka ujao, kwa wastani, ni 12.

Mwingereza Francis Galton aliuona mwelekeo huu mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na watoto. Watoto wa wazazi warefu kupita kiasi walikuwa warefu, ila si kama wazazi wao. Walirudi kidogo kuuelekea wastani. Kurudi huko si adhabu wala ugonjwa. Hutokea popote kipimo kinapochanganya uwezo na bahati.

Dawa yake ni kuupa ushahidi uzito unaolingana na wingi wake. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mshambuliaji wa kawaida katika ligi fulani hufunga mabao 8, na kwamba msimu mmoja wa ushahidi unapewa uzito wa nusu, misimu miwili theluthi mbili, misimu mitatu robo tatu. Aliyefunga 17 katika msimu mmoja amewazidi wenzake kwa 9; nusu yake ni 4.5, hivyo atarajiwe kufunga 12.5. Aliyefunga wastani wa 16 kwa misimu mitatu amewazidi kwa 8; robo tatu yake ni 6, hivyo atarajiwe kufunga 14. Wa pili, ambaye hajawahi kufikisha sifa ya mabao 17 magazetini, ndiye anayestahili mshahara mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo rekodi ya Meddie Kagere wa Simba ina uzito wa pekee. Alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu wa 2019/20, wakati ligi ilikuwa na timu 20 na kila timu ilicheza michezo 38. Bahati humtembelea mtu mara moja. Kumkalia misimu miwili mfululizo ni vigumu.

Kuhesabu nafasi badala ya mabao

Njia nyingine ya kuongeza ushahidi bila kungoja miaka mitatu ni kuhesabu matukio yaliyo mengi kuliko mabao. Machi 1950 Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alianza kuandika kwa penseli kila shambulizi lililofanyika katika mchezo wa Swindon. Baadhi ya mahitimisho yake yalikuja kukosolewa sana, lakini desturi ya kuandika ilibaki. Siku hizi kila shuti hupewa thamani kwa kulinganishwa na maelfu ya mashuti yaliyowahi kupigwa kutoka mahali kama pale. Katika penalti 10 huingia saba au nane, hivyo penalti moja ina thamani ya bao 0.75 hivi, wakati shuti la mbali nje ya eneo la hatari huwa na thamani ya sehemu chache za mia. Jumla ya thamani hizo huitwa mabao yanayotarajiwa. Mchezaji aliyefunga 17 huku nafasi alizozipata zikistahili 11 amepata bahati, au ni fundi wa kumalizia kuliko kawaida, na mafundi wa kweli wa aina hiyo ni wachache kuliko wanaosifiwa. Aliyefunga 9 kwa nafasi zilizostahili 13 huenda ndiye wa kununuliwa, tena kwa bei ndogo.

Penalti zitengwe kwanza, kwa maana mpigaji wa penalti hulipwa sifa kwa kazi ya aliyeangushwa. Kazi hiyo yote haihitaji mitambo ya gharama. Daftari, kalamu, mchoro wa uwanja na kijana mwenye makini katika jukwaa la Kwaraa vinatosha kwa mwanzo.

Ubora dhidi ya nani

Hata baada ya kujua kwamba mchezaji atarajiwe kufunga 12, kazi haijaisha. Mchezaji halinganishwi na uwanja mtupu. Asipokuwapo, mwingine atavaa jezi yake, na huyo naye atafunga mabao kadhaa. Ikiwa mbadala apatikanaye kwa mshahara mdogo atafunga 8, basi nyota anauza mabao 4, wala si 12. Katika ligi zilizochunguzwa Ulaya, kila bao moja katika tofauti ya mabao ya timu huendana na kama theluthi mbili za pointi mwishoni mwa msimu. Mabao manne basi ni pointi mbili na nusu au tatu hivi.

Je, pointi tatu ni kitu? Inategemea timu imesimama wapi. Katika Ligi Kuu timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na ya 13 na ya 14 huingia katika mchujo. Kwa timu iliyo karibu na mstari huo pointi tatu zinaweza kuwa ndiyo Ligi Kuu yenyewe, pamoja na fedha za televisheni na wageni wanaojaza uwanja Simba au Yanga wanapofika. Kwa timu iliyotulia katikati ya msimamo pointi hizo hizo hununua karibu hakuna. Hivyo mchezaji mmoja ana thamani mbili tofauti katika miji miwili, na hakuna uongo katika yoyote kati ya hizo mbili.

Hapa pia ndipo mabeki na walinda mlango wanapodhulumiwa. Bao lililozuiwa lina thamani ile ile ya bao lililofungwa, lakini haliandikwi kwa jina la mtu. Zaidi ya hayo, soka ni mchezo wa timu ambamo kosa la mmoja hufuta jasho la kumi. Klabu inayomlipa nyota kwa kubana mshahara wa beki wa kulia imeuza mlango ili kununua dirisha.

Hatari nyingine ni ya mnada. Tuseme klabu tano zinamtaka mchezaji ambaye uwezo wake wa kweli ni mabao 12, na kila moja inamkadiria kwa wataalamu wake: 9, 11, 12, 13 na 15. Kwa jumla makadirio ni sahihi kabisa, kwani wastani wake ni 12. Hata hivyo atakayemchukua ni yule wa 15, kwa kuwa ndiye anayetoa bei kubwa. Anayeshinda mnada huwa ndiye aliyekosea zaidi kwa kuzidisha. Kiongozi mwenye busara huipunguza bei yake kwa kadiri washindani wanavyoongezeka, jambo ambalo moyo wa shabiki haulikubali hata kidogo.

Muda ndani ya mkataba

Umri huingia hapo. Wachezaji wengi wa ndani hufikia kilele kati ya miaka 24 na 29. Walinda mlango hudumu zaidi. Mkataba wa miaka mitatu kwa mwenye miaka 22 hununua miaka ya kupanda. Mkataba huo huo kwa mwenye miaka 31 hununua mteremko, hata kama rekodi za wawili hao zinafanana leo. Kanuni za FIFA huweka kikomo cha miaka mitano kwa mkataba, na mitatu kwa aliye chini ya umri wa miaka 18.

Lakini urefu wa mkataba una kazi nyingine, ambayo kwa klabu ya mji kama Babati inaweza kuuzidi uzito mshahara wenyewe. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua, katika shauri la Mbelgiji Jean-Marc Bosman, kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ana haki ya kwenda klabu nyingine bila klabu ya zamani kulipwa. Uamuzi huo ulihusu Umoja wa Ulaya, ila kanuni hiyo imeenea duniani. Hata aliyebakiwa na miezi sita anaruhusiwa kutia saini kwingine. Maana yake ni kwamba thamani ya kumuuza mchezaji huyeyuka kila mwezi unaopita, na mkataba unapokwisha hubaki sifuri.

Shauri la Feisal Salum lilionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Desemba 2022, akiwa Yanga, alitaka kuuvunja mkataba wake kwa kuilipa klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za fedha ya usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga ilikataa, na Januari 2023 kamati ya shirikisho ikaamua kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga. Katikati ya mwaka huo alihamia Azam, na msimu uliofuata ndipo alipofunga yale mabao 19. Hesabu ya milioni 12 kwa miezi mitatu ni milioni 4 kwa mwezi. Mshahara huo ulikuwa umepangwa siku ya kutia saini, na mchezaji alikuwa amekua kuliko mkataba wake. Makadirio hukosea kwa pande zote mbili: mara nyota hulipwa kwa mabao ambayo hayaji, mara nyingine klabu huvuna mabao ambayo haikuyalipia. Ndiyo maana mikataba mizuri huwa na mshahara wa msingi ulio wa wastani, nyongeza kwa michezo na mabao, na kifungu cha kujadiliwa upya kabla ya mwaka wa mwisho.

Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akaingia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Katika uhamisho wa kimataifa wa mchezaji ambaye mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka minne ya kwanza, na 0.5 kwa kila msimu wa minane iliyofuata. Katika ada ya shilingi milioni 100, klabu iliyomlea kijana kwa misimu miwili ya umri wa miaka 17 na 18 hupata milioni moja. Haki hiyo haifi baada ya kuuza mara moja. Hurudi kila kijana anapouzwa tena. Sharti ni kwamba klabu iwe imemsajili kwa maandishi, na iwe imezitunza karatasi zake.

Kwa hiyo klabu kubwa ya Dar es Salaam na klabu ya Babati zinaweza kuwa na daftari moja la takwimu na bado zikaamua tofauti, zote zikiwa sahihi. Ya kwanza inahitaji pointi za mwezi ujao, nayo hulipa mshahara mkubwa kwa mchezaji aliyekamilika, mwenye misimu mitatu ya ushahidi. Ya pili haiwezi kushindana katika mnada huo. Mkataba wake mnono unamfaa kijana wa miaka 20 ambaye nafasi anazozipata ni nyingi kuliko mabao aliyofunga, kwa muda wa miaka minne au mitano, wenye nyongeza zilizoandikwa wazi. Na siku ya kumuuza huwekwa kabla mwaka wa mwisho haujaanza, huku mbadala wake akiwa amekwisha kuhesabiwa mashuti yake katika daftari lile lile.